Swali la nyongeza limepotelea wapi?

“Hilo ni swali zuri sana, tunalichukua.”

Jibu hilo lilitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la kashata, kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, usiku mmoja wa kampeni za 2025. Mgombea ubunge alikuwa laivu akipokea maswali ya wananchi. Aliyeuliza ni kijana wetu mmoja wa bajaji: mtaro unaofurika kila masika na kuwaingizia watu maji machafu ndani utajengwa lini? Jina lake likasomwa, swali likasomwa, jibu likatoka, mgombea akahamia kwa mtu mwingine aliyemmwagia maua na mioyo myekundu. Kijana alifurahi kutajwa, wenzake wakampiga mabegani. Mzee anayetuuzia kahawa, ambaye simu yake ni kitochi, akauliza huku akisuuza vikombe: “Analichukua analipeleka wapi?”

Tukanyamaza. Lile ndilo lilikuwa swali la usiku ule, na hatukuwa na njia ya kulifikisha. Komenti ya kijana ilikwisha kupanda na kupotea, mamia ya nyingine zimeifunika.

Nimekaa na swali la mzee kwa muda mrefu sasa. Linagusa jambo ambalo wengi tunalihisi na hatujalitafutia jina: kwa nini tunauliza sana mitandaoni, tunajibiwa kwa heshima zote, na bado tunaondoka mikono mitupu.

Bungeni Dodoma alichokifanya mzee kina jina rasmi. Kinaitwa swali la nyongeza. Mbunge huanza na swali la msingi, ambalo amelipeleka kwa maandishi mapema. Waziri au naibu wake husimama na kusoma jibu lililoandaliwa wizarani. Baada ya hapo aliyeuliza hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo mambo huanza. Jibu la kwanza limeandikwa na maofisa wenye majalada mezani. La pili anatakiwa alitoe kichwani, akiwa amesimama, mbele ya watu. Ukitazama Bunge asubuhi, sikiliza zaidi hilo la pili, maana ndilo linaloonyesha kama anayejibu analijua jambo au amelisoma tu.

Kijiwe cha kahawa kina kanuni hiyo hiyo ingawa haikuandikwa popote. Ukisema Coastal Union iliwahi kuwa bingwa wa nchi utaulizwa mwaka gani. Ukijibu 1988, utaulizwa golini alidaka nani. Ukianza kubabaika, unaagiza kahawa nyingine na kusikiliza wenzio. Hakuna anayelichukua swali pale na kuondoka nalo.

Mtandao umelifanya swali la kwanza kuwa jepesi kuliko lilivyowahi kuwa. Zamani kumfikia mgombea ulisubiri mkutano wa hadhara, ukanyoosha mkono, ukaomba Mungu mshereheshaji akuone. Mtu wa redioni au gazetini ulimwandikia barua. Leo mwenye bando la shilingi mia tano anaweza kumwandikia mtu yeyote mkubwa akiwa amelala kitandani kwake Mabawa. Lakini swali la pili limefutika, na limefutika kwa namna mitandao yenyewe inavyofanya kazi, hata pale anayejibu hana nia mbaya.

Anza na nani anayesoma. Kurasa nyingi za wagombea na mastaa zina admini, pengine wawili au watatu. Unapoandika “Shikamoo mheshimiwa, naomba kuuliza”, mara nyingi anayekusoma ni kijana wa rika lako aliyekabidhiwa nywila na maelekezo. Kazi yake ni ukurasa upendeze. Anaweza kukujibu kwa adabu sana, na jibu lake lisimfunge bosi wake kwa lolote.

Kisha kuna suala la zamu. Komenti hazikai kwa foleni kama ndoo bombani, aliyewahi awe mbele. Mtandao huzipandisha zile zilizopendwa na kujibiwa zaidi, na wanaolielewa hilo vizuri ni machawa, wale wapambe wa kumsifu mkubwa. Chawa mwenye akili hahangaiki kubishana nawe. Anaandika “mama yetu”, “jembe letu”, anaita wenzake kumi waipende ile sifa, na swali lako linasukumwa chini ambako hakuna kidole kitakachofika. Hakuna aliyekuziba mdomo. Umezibwa kwa kelele za furaha.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu watu wengi hawalijui. Mwenye ukurasa wa Instagram anaweza kuorodhesha maneno asiyotaka kuyaona, na komenti yenye neno hilo ikajificha yenyewe. Anaweza pia kumwekea mtu kizuizi cha kimyakimya: komenti zake zinaendelea kuonekana, ila kwenye simu yake yeye tu. Yaani umeuliza, umeliona swali lako limekaa pale, unaamini mji mzima unalisoma na mgombea amekosa la kusema, kumbe unalisoma peke yako. Ukiwa na wasiwasi, omba simu ya mwenzio ambaye hana ugomvi na ukurasa ule, ulitafute swali lako humo. Ni dakika moja tu.

Kwenye laivu ni tofauti kidogo, pale tatizo ni kasi. Komenti zinapita kama mvua ya masika na anayeongea anadaka anayoitaka. Hata mwenye moyo safi atadaka lililo jepesi.

Wenzetu wa nchi nyingine wamepita hapa kabla yetu. Tarehe 23 Julai 2007, mjini Charleston, South Carolina, wagombea urais wa chama cha Democratic huko Marekani walikaa kwenye mdahalo ambao maswali yake yalitumwa na wananchi kwa video kupitia YouTube. Zilifika karibu 3,000. Mtu mmoja alituma swali la joto la dunia kupitia sanamu la theluji linaloongea, likarushwa, na dunia nzima ikalizungumza. Lakini waliochagua video chache za kurushwa kati ya zile zote walikuwa wahariri wa CNN, na aliyekuwa na uwezo wa kumkatiza mgombea na kumrudisha kwenye swali alikuwa mtangazaji, Anderson Cooper. Mwananchi aliyejirekodi jikoni kwake alikuwa amekaa mbele ya televisheni kama mtazamaji mwingine yeyote.

Miaka mitano baadaye, 29 Agosti 2012, Barack Obama, Rais aliyekuwa akigombea muhula wa pili, alijitokeza kwenye mtandao wa Reddit kwa muda wa kama nusu saa kujibu maswali ya watu. Huko wasomaji wenyewe ndio hupiga kura swali lipi lipande juu, jambo zuri ambalo nalitamani hapa kwetu. Watu walimiminika hadi mtandao ukaelemewa. Alijibu maswali kumi. Wananchi ndio waliopanga foleni, yeye akachagua nani wa kumhudumia.

Mwaka huo huo mwezi Februari, kwenye mtandao ule ule, mwigizaji Woody Harrelson alikuja kuitangaza filamu yake mpya. Watu wakamwuliza maisha, kazi, mambo ya zamani. Yeye akawataka warudi kwenye filamu. Wakakasirika, na hadi leo kisa kile hutajwa kama mfano wa mtu aliyeitisha maswali huku amekuja kuuza bidhaa. Nakitaja kwa sababu kinatufundisha kitu cha kuangalia mapema: aliyeitisha kikao amekuja kujibu au amekuja kuonekana? Kwenye kampeni zetu ishara ni nyepesi. Kama dakika ishirini za mwanzo ni salamu, nyimbo za chama na kusoma majina ya waliojiunga, unajua umekaa wapi.

Sasa turudi kwenye mtaro wetu, maana kijana wa bajaji naye alikuwa na kasoro katika swali lake, na nasema hivyo kwa upendo kwa sababu ni kasoro yetu sote. Alimwuliza mgombea ubunge mtaro utajengwa lini. Mbunge hajengi mtaro. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017 na unaosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kazi ya mbunge imeandikwa katika Ibara ya 63 ya Katiba: Bunge linaweza kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma, linajadili mipango na bajeti, linatunga sheria. Nyumbani, mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani na anapiga kura humo pamoja na madiwani. Kwa hiyo ukimwuliza “utajenga lini” umemfungulia mlango wa ahadi. Anaweza kusema “mara tu mtakaponichagua” na asiwe amesema kitu.

Swali linalomkalia ni lile linalohusu kazi yake mwenyewe. Mtaro huu umo kwenye mpango wa TARURA wa mwaka ujao wa fedha au haumo? Kama haumo, kwenye Bunge la bajeti utamwuliza nini waziri wa TAMISEMI? Anayejua atajibu kwa sentensi mbili. Asiyejua ataanza kuisifu Tanga na watu wake.

Diwani ana maswali yake. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa baadaye. Basi mgombea udiwani anayetaka kutetea kiti chake aulizwe vikundi vingapi vya kata yake viliomba, vingapi vilipata, na yeye alisema nini kwenye vikao. Maji ni ya Tanga-UWASA, mamlaka iliyouza hatifungani ya kijani, yaani iliyokopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi rafiki kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ili kupanua huduma. Kuuliza mtaa wako umo katika awamu ipi ya upanuzi huo ni swali lenye mguu wa kusimamia, na mwenye jibu ni mamlaka yenyewe. Mgombea unamwendea baadaye, ukiwa na jibu la mamlaka mkononi.

Hapa kuna kitu ambacho vijana wengi ninaozungumza nao hawakijui, na nikiwaambia macho yanawatoka. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuiandikia ofisi ya umma akiomba taarifa, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Zipo pia ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwa wazi kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, na humo halmashauri zinatajwa kwa majina. Mgombea ambaye hajashika ofisi yoyote halazimiki na sheria ile kukupa karatasi. Lakini ukianza na ofisi, swali lako la mtandaoni linakuwa tayari ni la nyongeza. Unamjia mtu na jibu la kwanza mkononi, huna haja ya kulisubiri kwake.

Watu wanaogopa sheria, na hofu hiyo si ya bure. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa kutoa maoni na haki ya kutafuta na kupokea habari. Upande wa pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa huku akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Tatizo ni kwamba sentensi nyingi tunazoziita maswali ni tuhuma zilizowekewa alama ya kuuliza. “Kwa nini ulikula hela za mikopo ya akina mama?” Hapo umeshamhukumu. Ukiandika “Mwaka jana halmashauri ilitenga shilingi ngapi kwa mikopo ya akina mama, na orodha ya vikundi vilivyopata imebandikwa wapi?”, aliyekula atatoka jasho na wewe hujamtuhumu mtu. Sisemi hilo linakukinga na kila kitu. Nasema limesimama juu ya haki yako, na ndilo gumu zaidi kulikwepa.

Mastaa wana mzani wao. Msanii au mchezaji hajaomba kura yetu, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, awe na wafuasi mia au milioni. Binti akifungua laivu kuzungumzia kazi yake, kisha akamiminiwa maswali ya nani baba wa mtoto na kwa nini amenenepa, huo ni uchokozi wa watu wasiolala. Nimeona wanawake wakifunga laivu kwa machozi kwa sababu hiyo, na sikuona mwanaume akiulizwa hata nusu yake.

Ila staa anapoweka uso wake kwenye tangazo, ametoka sebuleni na kuingia sokoni, na sokoni tunauliza bei na asili ya mzigo. Krimu hiyo unayotuambia inang'arisha ina nini ndani, na wewe unaipaka? Hiyo kampuni ya kubeti imekulipa? Programu ya mkopo wa haraka unayoisifu ina leseni ya Benki Kuu? Swali hili la mwisho lina uzito wake, kwa sababu Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Watu wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, wamewatia aibu mama zetu, wamewatumia ujumbe mashemeji na waajiri wao. Anayetangaza kitu kama hicho anastahili kuulizwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Kuna walio nje kabisa ya habari hii yote. Akina mama wanaonunua samaki soko la Deep Sea alfajiri wana maswali makali kuliko yetu wa kijiweni, kuhusu ushuru, barafu, na mahali pa kukaangia. Wengi wao simu zao ni za kupiga na kupokea. Mgombea akimaliza laivu na kusema “nimewasikia wana-Tanga”, hao hakuwasikia. Halafu mlango wenyewe una mwenye ufunguo. Wakati wa uchaguzi wa 2020 mitandao mikubwa ilikuwa migumu kufunguka. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi, siku ambazo mtu hakuweza hata kuuliza hali ya nduguye. Kila swali lililokuwa limeishi kwenye komenti pekee lilikaa gizani siku hizo.

Ndiyo maana kijiweni tulinunua kaunta buku. Mzee ndiye aliyeshauri. Tukaichora safu nne: swali, aliyeulizwa, tarehe, alichosema. Na tukakubaliana kupokezana. Mgombea yule yule alipoingia laivu tena, wa kwanza akauliza la mtaro, akajibiwa kama kawaida. Wa pili akayanukuu maneno yake palepale: “Mheshimiwa mtarajiwa, umemwambia ndugu yetu unalichukua. Unalipeleka ofisi gani?” Halikusomwa. Wa tatu akalirudia neno kwa neno, wa nne naye, na mmoja akalipeleka swali la ushuru alilopewa na shangazi yake wa Deep Sea. Ilipofika mara ya tano mgombea akacheka kidogo na kusema, “Naona vijana wa Ngamiani leo wameamka.” Akataja TARURA. Akasema bajeti ijayo. Aliyeuliza ni shilingi ngapi hakujibiwa, na vijana wetu wawili walikula bloku usiku ule ule. La ushuru halikuguswa.

Ni kidogo. Lakini jina la ofisi na mwaka wa bajeti hatukuwa navyo mwanzo, na vyote viwili vinafuatilika kwa barua. Kijana wa bajaji ameiandika, kwa mkono, ukurasa mmoja, akaipeleka mwenyewe na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Nakala imebanwa ndani ya kaunta buku.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, miezi ambayo kwetu ni masika na mtaro unafurika. Ukurasa ule mzee ameukunja pembe ili aufikie haraka. Jioni mtu mgeni akikaa kuagiza kahawa, humwonyesha safu ya nne, palipoandikwa “TARURA, bajeti ijayo”, na nafasi nyeupe aliyoiacha chini yake.